Mstari wa Kwanza wa Sura Katika Vitabu Pepe: Kifaa Gani Kinautendea Haki?

Msomaji anayefungua sura mpya katika kitabu cha karatasi hukutana na ishara ndogo ambazo mara nyingi hata hazitambui. Aya ya kwanza haikuingizwa ndani kama nyingine, maneno machache ya mwanzo yamepigwa kwa herufi zenye umbo la herufi kubwa lakini kimo cha herufi ndogo, au herufi ya kwanza imekuzwa hadi ikashuka mistari miwili au mitatu. Desturi hiyo ni kongwe kuliko uchapaji wenyewe. Wanakili wa miswada ya Ulaya waliiachia nafasi herufi ya mwanzo ili fundi mwingine aje kuipaka rangi. Biblia ya Gutenberg, iliyokamilika Mainz karibu na mwaka 1455, iliacha nafasi hizo hizo, na Zaburi iliyotoka katika mji huo mwaka 1457 ilizichapa kwa rangi mtamboni. Katika kitabu pepe, desturi hii imehamia mahali ambapo ukurasa hauna upana maalumu, fonti huchaguliwa na msomaji, na mchapishaji hana namna ya kujua mstari wa kwanza utaishia kwenye neno lipi.

Tathmini hii inazipima njia tatu zinazotumika kuupamba mwanzo wa sura, yaani kanuni ya ::first-line inayoupamba mstari wote wa kwanza, herufi tangulizi, na lebo inayoyafunga maneno machache ya mwanzo, pamoja na vifaa na programu zinazozipokea: Apple Books, Thorium, Kobo, injini ya Adobe na Kindle. Sikujali sana ukurasa unavyoonekana ukiwa katika mpangilio wake wa awali, kwa sababu katika mpangilio huo karibu kila kifaa kinapendeza. Nimeangalia kinachobaki baada ya msomaji kuongeza ukubwa wa maandishi, kubadili fonti, kugeuza simu ikalala, kuwasha hali ya usiku au kuiomba programu imsomee kwa sauti. Kwa kipimo hicho hukumu yangu ni kwamba njia inayosifiwa kuliko zote kwa ustadi si njia ya kuitegemea, njia inayopendwa kuliko zote na wasanifu ndiyo yenye gharama kubwa kuliko faida yake, na njia inayoonekana ya kizamani, ile ya kuyafunga maneno machache ndani ya lebo yao wenyewe (alama ya msimbo inayoyazunguka maandishi), ndiyo inayofika salama mahali pengi zaidi.

Kanuni ya ::first-line imevitangulia kwa miaka mingi vifaa tunavyosomea leo. Ilikuwamo katika toleo la kwanza la CSS, lugha ya kuandikia mitindo ya kurasa, lililotolewa Desemba 1996, wakati huo ikiandikwa kwa nukta pacha moja badala ya mbili. Inachoiambia injini ya kuchora kurasa ni hiki: panga maandishi kwanza, kisha chochote kitakachoangukia kwenye mstari wa kwanza kipe sura hii. Msomaji akiikuza fonti, mstari hupungukiwa na maneno na pambo hupungua pamoja nao. Akiigeuza simu, mstari hurefuka na pambo huurefukia. Hakuna lebo ya ziada inayoongezwa kwenye maandishi, hakuna neno linalokatwa vipande, na kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona kwa sauti, hukuta sentensi ile ile ambayo mwandishi aliiandika. Kwa mtu anayethamini usafi wa faili, ni vigumu kutoipenda.

Ina mipaka yake, ambayo mingine imewekwa na kanuni yenyewe na mingine inatokana na lugha. Kanuni inaruhusu kubadili fonti, rangi, mandhari, nafasi kati ya herufi na kati ya maneno, mapambo ya mstari, ukubwa wa herufi na urefu wa mstari, lakini hairuhusu pambizo wala kuelea. Hilo halisumbui. Linalosumbua ni kwamba herufi zilizogeuzwa kuwa kubwa huchukua upana zaidi, hivyo neno la mwisho huanguka mstari wa pili, na likifika huko hurudi kuwa maandishi ya kawaida. Injini nzuri hulimaliza jambo hili kimyakimya, lakini matokeo yake katika Kiswahili hayafanani na matokeo yake katika lugha zenye maneno mafupi. Kitenzi chetu hubeba kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa na cha hali ndani ya neno moja, na sura inayoanza na «Walipokwishakubaliana» inaweza kuujaza mstari mzima wa simu kwa neno hilo moja. Neno moja lililopambwa juu ya aya ndefu halionekani kama mwanzo wa sura. Linaonekana kama kichwa kidogo kilichopotea njia.

Pakiongezwa kunyoosha kingo zote mbili za ukurasa, hali huwa mbaya zaidi. Kifaa kisicho na kanuni za kukata maneno ya Kiswahili kwa kistari kitajaribu kuujaza mstari wa kwanza kwa kuyatawanya maneno mawili au matatu, na kwa kuwa maneno hayo ndiyo yaliyokuzwa na kuachiwa nafasi kati ya herufi, mianya inayobaki katikati huonekana hata na mtu asiyejua lolote kuhusu upangaji wa kurasa. Dawa yake ni rahisi na inafanya kazi karibu kila mahali: aya ya ufunguzi ipangwe kwa kuanzia kushoto tu, iachwe bila kunyooshwa upande wa kulia. Wapo watakaolalamika kwamba aya moja isiyonyooshwa inaharibu sura ya ukurasa. Mimi naona mianya ndiyo inayoharibu.

Apple Books ndiyo iliyoitendea haki ::first-line kuliko programu nyingine katika kundi hili, na haishangazi, kwa kuwa inatumia WebKit, injini ile ile inayoendesha kivinjari cha Safari. Programu hii ilianza mwaka 2010 ikiitwa iBooks na kupata jina lake la sasa mwaka 2018. Ndani yake mstari wa kwanza hupambwa, hupunguka na hurefuka kama kanuni inavyotaka. Thorium, programu ya bure ya kompyuta inayotengenezwa na EDRLab juu ya misingi ya Readium, mradi wa programu huria za kusomea vitabu pepe, nayo ina injini ya kivinjari ndani yake, ile ya Chromium, na hapo pia kanuni inaheshimiwa. Programu hizi mbili zina hatari ya aina moja: zinampa msanifu picha nzuri mno ya kazi yake. Anayekijaribu kitabu chake ndani yake tu ataamini kwamba kila msomaji anakiona hivyo.

Kwa Kobo, kitabu kile kile kinaweza kuwa na nyuso mbili. Faili la EPUB, muundo wa kawaida wa vitabu pepe, ambalo msomaji amelipakia mwenyewe huchorwa na injini ya Adobe, ilhali kitabu kilichonunuliwa katika duka la Kobo hufika kikiwa katika muundo uitwao kepub na kuchorwa na injini nyingine yenye asili ya vivinjari. Maana yake ni kwamba mchapishaji anayelipakia faili lake kwenye kifaa, akaufungua ukurasa wa kwanza na kuridhika, ameuona ukurasa ambao mnunuzi wa dukani hatauona. Ipo programu ndogo ya bure iitwayo kepubify ambayo huligeuza faili la kawaida kuwa kepub, na sioni sababu ya mtu anayewauzia wasomaji wa Kobo kuacha kuitumia kabla ya kutoa kitabu.

Ugeuzaji huo una tabia moja ambayo msanifu wa mwanzo wa sura anapaswa kuifahamu vizuri. Ili kifaa kikumbuke msomaji amefika wapi na amepigia mstari maneno gani, kila sentensi hufungwa ndani ya lebo ya span yenye utambulisho wake, na maudhui yote ya ukurasa hufunikwa kwa vifungu viwili vya ziada. Faili la mitindo lililoandikwa kwa kutegemea ukoo wa lebo basi hukosa shabaha. Kiteuzi, yaani sehemu ya mtindo inayotaja lebo za kupambwa, kinachosema body > p:first-child hakimpati tena mtu wake, kwa kuwa aya si mtoto wa moja kwa moja wa body, lebo inayobeba maudhui yote ya ukurasa. Kiteuzi kinachosema p > span:first-child hufanya kibaya zaidi, kwa sababu sasa kila aya ya kitabu ina span mwanzoni, na sentensi ya kwanza ya kila aya hujikuta imepambwa kama mwanzo wa sura. Hili si kosa la Kobo kwa maana halisi. Ni adhabu ya mtindo unaobahatisha mahali badala ya kutaja jina. Aya ya ufunguzi ikipewa darasa lake, yaani jina ambalo mtindo huitambulia, na maneno ya kwanza yakapewa la kwao, hakuna kifungu cha ziada kitakachowapotosha.

Injini ya Adobe, inayojulikana kwa kifupisho RMSDK, ndiyo mtihani mgumu. Imo ndani ya Adobe Digital Editions na ndani ya vifaa vingi vya wino wa kielektroniki vinavyofungua vitabu vyenye kinga ya Adobe, vikiwamo vya kuazimwa maktabani, kwa hiyo haiwezi kupuuzwa hata na mtu anayeiona imepitwa na wakati. Sifa yake mbaya kuliko zote inajulikana kwa kila mtu wa kazi hii: ikikutana na kanuni ya CSS isiyoielewa, matoleo yake hayairuki kanuni hiyo peke yake, bali yanaweza kulitupa faili zima la mitindo. Kivinjari cha kawaida kimefundishwa kuruka kisichokijua na kuendelea na kinachofuata. Hapa mstari mmoja wa kisasa uliowekwa kwa ajili ya herufi ya mapambo unaweza kuondoa pambizo, vichwa vya sura na mpangilio wote wa kitabu.

Njia ya kujikinga ambayo nimeiona ikidumu ni kuyagawa mafaili. Faili la kwanza la mitindo linabeba mambo ya msingi kwa lugha ya zamani ambayo kila injini inaifahamu: aya isiyoingizwa ndani, maneno ya ufunguzi yenye darasa, ukubwa wa vichwa. Faili la pili, linalounganishwa baada yake, linabeba mapambo mapya. Injini ikilikataa la pili, la kwanza linabaki na kitabu kinasomeka. Ni kazi ya dakika chache, na inashangaza jinsi zana nyingi za kutengenezea vitabu pepe zinavyosukuma kila kitu ndani ya faili moja.

Kindle inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu nyuma ya jina hilo moja kuna vizazi vitatu. Kifaa cha kwanza kilitoka mwaka 2007, na muundo wake wa zamani wa Mobi haukujua kuelea kwa herufi wala mambo mengi ya CSS. Muundo wa KF8 ulikuja mwaka 2011 pamoja na Kindle Fire na kufungua mlango wa sehemu kubwa ya CSS, ukiwa na maagizo maalumu ya amzn-kf8 na amzn-mobi yaliyomwezesha mchapishaji kuandika mtindo mmoja kwa vifaa vipya na mwingine kwa vya zamani. Mwaka 2015 ulikuja upangaji ulioboreshwa wa KFX, pamoja na fonti ya Bookerly, na miongoni mwa mambo ambayo Amazon yenyewe iliyatangaza kuwa yameboreshwa ni herufi kubwa za kufungulia sura, ambazo sasa zingefuata ukubwa wa maandishi ambao msomaji ameuchagua.

Hapo Kindle inastahili sifa. Kwenye kitabu kilichopita katika upangaji huo, herufi ya mwanzo hukaa mahali pake vizuri zaidi kuliko katika vifaa vingi vya bei yake. Hata hivyo, singeitegemea ::first-line hapo, na sababu yangu haihusu injini bali safari ya kitabu chenyewe. Faili ambalo mchapishaji amelipeleka halifiki kwenye kifaa kama lilivyo. Hugeuzwa kuwa muundo wa Amazon, na mitindo yake hutafsiriwa upya njiani. Msanifu hana mkono katika tafsiri hiyo. Kadiri pambo lilivyo jepesi na lililofungwa kwenye maneno yenyewe, ndivyo linavyovuka salama, na pambo linalotegemea mstari ambao utajulikana baadaye ndilo la kwanza kuwa shakani. Tangu mwaka 2022 huduma ya Send to Kindle inapokea mafaili ya EPUB moja kwa moja, jambo lililowarahisishia sana wasomaji, lakini nayo hupitia ugeuzaji huo huo.

Sasa herufi tangulizi, yaani herufi moja kubwa inayoshuka mistari kadhaa. Wateja huiomba kwanza, na wasanifu huitolea jasho jingi. Njia yake ya kawaida ni kuichukua herufi ya kwanza, kuikuza mara tatu hivi, kuielekeza ielee kushoto, kisha kuurekebisha urefu wa mstari wake hadi kichwa chake kilingane na mstari wa kwanza na unyayo wake ulale juu ya mstari wa tatu. Marekebisho hayo ni kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja: msomaji akibadili fonti au nafasi kati ya mistari, aliyeivaa si yule tena. Fonti mbili zenye ukubwa ule ule hazina kimo kile kile cha herufi kubwa, na nafasi iliyo juu na chini ya herufi hutofautiana kati ya fonti na fonti. Ndiyo maana herufi iliyokaa vizuri katika fonti ya mchapishaji huonekana inaning'inia katika nyingine, au inauma mstari wa nne, au inaacha shimo chini yake. Vifaa vya Kobo na Kindle vinampa msomaji fonti ya OpenDyslexic, na kwa msomaji anayeihitaji, herufi tangulizi iliyopimwa kwa fonti nyingine ni kero tupu.

CSS ya sasa ina jibu bora zaidi, sifa iitwayo initial-letter, ambayo humwachia msanifu ataje idadi ya mistari tu na kuiachia injini hesabu zote. WebKit imekuwa nayo kwa muda mrefu kwa jina lenye kiambishi chake, na Chrome iliipokea katika toleo la 110 mwaka 2023. Matokeo yake katika Apple Books ni mazuri kweli. Hapo ndipo mahali pekee ambapo ninaweza kuisifu herufi tangulizi bila kuongeza neno «lakini». Sifa hiyo iwekwe katika lile faili la pili la mitindo, na anayekosa kuielewa aachwe na herufi ya kawaida. Kuweka njia ya kuelea kama mbadala chini yake ni kumpa msomaji wa kifaa dhaifu kile kile ambacho kifaa chake hakikiwezi.

Zipo pia shida zinazotokana na maandishi yetu. Kanuni ya ::first-letter, inayoichagua herufi ya kwanza ya aya, hukusanya alama za uandishi zilizoitangulia herufi, hivyo sura inayoanza na maneno ya mhusika hukuza alama ya mtajo pamoja na herufi, na msomaji hukutana na alama kubwa kuliko neno. Kwa upande mwingine, haikusanyi herufi mbili zinazoandika sauti moja. Sura inayoanza na «Ng'ambo ya mto» hupata N kubwa peke yake, kisha g na ritifaa vikifuata kwa udogo wao pembeni, na sura inayoanza na «Chumba» humtenganisha C na h yake. Katika karatasi fundi angeliona na kuamua, kanuni haioni. Kwa kuwa maneno yanayoanza na ch, sh, ny, ng', th na dh ni mengi mno, kitabu cha Kiswahili chenye sura nyingi kitakuwa na herufi tangulizi zinazopendeza na nyingine zinazokwaza, na kuzirekebisha moja moja kwa lebo ya span ni kurudi kwenye kazi ya mikono ambayo kanuni iliahidi kuiondoa.

Lebo hiyo nayo ina gharama. Neno lililogawanywa, herufi yake ya kwanza ikiwa ndani ya span na mabaki yakiwa nje, linaweza kusomwa na kisoma skrini kama vitu viwili: «b», kisha «arua». Wengine hutatua hili kwa kuvificha vipande vilivyopambwa visisomwe, na kuliweka neno zima mahali pasipoonekana kwa ajili ya sauti. Ni ujanja unaofanya kazi kwenye kivinjari, lakini kwenye kifaa kilicholitupa faili la mitindo neno hilo huonekana mara mbili mwanzoni mwa kila sura. Picha badala ya herufi ni mbaya zaidi: haikui pamoja na maandishi, hubaki na mraba mweupe katika hali ya usiku, na picha isipoandikiwa maelezo yake msikilizaji hukosa herufi ya kwanza ya kitabu. Tangu Juni 28, 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ufikivu inavigusa vitabu pepe vinavyouzwa huko, na kwa mchapishaji anayelilenga soko hilo pambo linalovunja usomaji wa sauti halibaki kuwa suala la ladha tu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: maneno matatu hadi matano ya mwanzo yafungwe ndani ya lebo moja yenye darasa, na darasa hilo lipewe herufi kubwa fupi kwa font-variant: small-caps, pamoja na nafasi ndogo kati ya herufi, kwa mfano sehemu tano za mia za ukubwa wa fonti. Neno halikatwi. Maandishi yaliyo chini hubaki kama yalivyoandikwa, hivyo utafutaji, kunakili na usomaji wa sauti haviathiriki. Kifaa kisichojua herufi kubwa fupi huonyesha maandishi ya kawaida, na msomaji wake hatajua kwamba kuna alichokosa. Katika skrini finyu maneno hayo yanaweza kuvuka kwenda mstari wa pili, na hapo wapenzi wa ::first-line hukunja uso. Lakini kundi la maneno lenye maana kamili, likivuka mstari, linasomeka vizuri kuliko mstari uliokatwa kati ya jina na sifa yake.

Faida ambayo haitajwi sana ni kwamba mhariri huamua pambo liishie wapi. Katika sentensi «Barua ilifika asubuhi, kabla mtu yeyote hajaamka», pambo linapaswa kuishia kwenye asubuhi, pale msomaji anapovuta pumzi. Hakuna kanuni ya mstari itakayolijua hilo. Kazi ya kuweka lebo inaweza kuonekana ndefu, ila kwa kitabu cha sura thelathini ni kazi ya muda mfupi, na anayejua kutafuta kwa ruwaza, yaani kwa umbo la maneno badala ya neno mahususi, anaweza kuiachia programu ya kuhariri kisha akapitia tu mahali ambapo maneno yamekatwa vibaya.

Ubora wa herufi hizo hutegemea fonti. Fonti yenye herufi kubwa fupi za kweli, zilizochorwa na mbunifu wake, hutoa unene unaolingana na maandishi yanayofuata. Fonti isiyo nazo huifanya injini izipunguze herufi kubwa za kawaida, na mistari yake hupungua unene pamoja na kimo. Kwenye skrini ya wino wa kielektroniki yenye nukta 300 kwa inchi tofauti hiyo huonekana kama ukungu mwepesi juu ya maneno ya kwanza. Kwenye skrini za zamani zenye nukta chache ni dhahiri zaidi. Si sababu ya kuiacha njia hii, ila ni sababu ya kutoipunguza herufi zaidi ya pale injini ilipoipunguza, na ya kutoiongezea rangi ya kijivu.

Kuhusu rangi kwa jumla, neno moja linatosha: isiwekwe. Maneno yaliyoagizwa kuwa meusi yanaweza kutoweka kabisa msomaji anapowasha hali ya usiku katika programu inayoheshimu agizo hilo.

Kuhusu kuandika herufi kubwa kwa mkono, yaani kulipiga neno lote kwa herufi kubwa katika maandishi yenyewe, sioni mahali inapofaa. Visoma skrini vingine huyataja maneno mafupi ya namna hiyo herufi kwa herufi kana kwamba ni vifupisho, na majina ya watu hupoteza tofauti yake na maneno ya kawaida katika faili ambalo huenda likahaririwa tena baada ya miaka.

Kwa zana, Sigil inatosha kwa kazi yote hii: ni programu ya bure, inaonyesha msimbo bila kuuficha, na utafutaji wake wa ruwaza unaifanya kazi ya kuweka lebo iwe nyepesi. Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, ina kihariri chake pia, na kisomaji chake tangu toleo la 4 la mwaka 2019 kinatumia injini ya kivinjari, hivyo kina ule ule uzuri unaodanganya niliousema kuhusu Thorium. Kwa Kindle, Amazon inatoa Kindle Previewer bila malipo, nayo husema wazi kama kitabu kimekubaliwa katika upangaji ulioboreshwa. Thamani yake haiko katika ukurasa unaofunguka kwanza. Upelekwe ukubwa wa maandishi hadi mwisho, ichaguliwe skrini ya simu, kisha zipitiwe sura moja baada ya nyingine. Sura inayoanza kwa kitenzi kirefu ndiyo itakayoonyesha mapema kama pambo lililochaguliwa linaweza kubaki.